Siku Nilichukua Mashariki kwa Msikiti

Nyinyi wawili mnaingia kwa karakana ya Fundi Candia hapa Mvara, Arua, someni hii kabla mguse msumeno. Mimi niko na miaka ishirini na sita. Najua mtacheka mkisikia naongea kama mzee wa pensheni. Chekeni haraka, tuendelee. Kazi hii nilianza wiki ile nilimaliza S.4, yaani kidato cha nne, na nimefanya miaka tisa. Kwa West Nile yote sijui mtu mwingine amefanya miaka tisa kutengeneza antena ya kuongea na setilaiti, isipokuwa Fundi mwenyewe. Kwa hiyo kwa kazi hii mimi ni mzee. Jumatatu naenda Gulu kusoma mambo ya umeme. Fundi aliniambia niwaandikie vitu ya maana. Nimefungua daftari zangu, zile naandikaga kila jioni tangu senior one, nikaona vitu ya maana iko kidogo na vitu ya aibu iko mingi. Aibu kubwa kuliko zote iko Koboko, siku chumba ya Madam Poni ilikuwa kwa mkono yangu. Nitafika huko.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna setilaiti ndogo, ingine haipiti boksi ya viatu, zinazunguka dunia na redio ndani. Watu wenye laisensi, wale wanaongea kwa redio kwa kupenda tu bila biashara, wanatuma sauti juu. Setilaiti inashika ile sauti na kuirudisha chini, na mtu wa Mombasa anakusikia. Haina bando, haina mnara. Lakini setilaiti haisimami kungoja mtu. Inatokea upande moja ya mbingu, inazama upande ingine, dakika kumi, ikikaa sana kumi na mbili. Hiyo dakika kumi yote antena yako lazima iangalie pale iko. Sisi tunatengeneza antena ya mkono: paipu ya plastiki katikati, vyuma vimepita kulia na kushoto kama mifupa ya samaki, na waya ya TV inaenda kwa redio. Unasimama nje, unafuata setilaiti kwa mkono. Haionekani. Unaifuata kwa hesabu na kwa masikio.

Upande ya kusikia tunatumia spoki. Ng'ambo wananunua fimbo ya alumini imekatwa tayari. Sisi tunanunua spoki ya baiskeli kubwa, ile ya kubeba gunia ya muhogo kutoka Lobule. Urefu yake iko karibu sawa na kile tunataka, na kwa kichwa iko na nati ndogo. Ukilegeza nati, spoki inaongezeka milimita moja, mbili. Ukikaza, inapungua. Hakuna kitabu ilimfundisha Fundi hiyo, ni akili yake. Wiki yangu ya kwanza alinituma sokoni kuleta spoki ishirini, na mimi nikaleta za baiskeli ya watoto. Fundi alizipanga zote kwa meza, taratibu, halafu akaniuliza kama tunataka kuongea na setilaiti ya watoto wa nasari.

Upande ya kutuma, vyuma ni virefu, kwa hiyo tunakata tepu ya chuma, ile mafundi wanapimia mbao. Inajikunja ukiibeba kwa boda, ukifika inanyooka yenyewe. Nzuri sana. Tatizo ni kwamba siku ya kwanza nilikata tepu ya pekee ilikuwa kwa karakana. Nilikata vizuri, vipande vitatu safi. Fundi akaingia, akaangalia vipande, akaangalia mimi.

"Sasa tutapima na nini, Letaru? Na imani?"

Nikarudi sokoni kwa Mama Furaha, mama wa Kongo mwenye kuuza vyuma karibu na kituo cha boda. Jana yake tu aliniuzia tepu. Aliniangalia akasema, "Dada, ile ya jana ulikula?" Halafu akageuka kwa jirani yake akasema hajaona mutu anamaliza tepu mbili kwa siku mbili, labda huyu iko na ujauzito. Soko ilicheka. Mpaka leo nikipita ananiuliza kama nimekula.

Haya. Kitu ingine. Mkono yako lazima ijifunze kutembea pole bila kusimama, kwa sababu setilaiti inatembea hivyo. Mtu mpya anavuta antena kama anafukuza nzi. Dawa ya Fundi ni mwewe. Juu ya soko ya Arua mwewe hawakosi, wanazunguka wakitafuta nyama. Fundi alinisimamisha nje na antena, akasema nichague mwewe moja na nimfuate dakika kumi. Nikimpoteza, naanza tena. Nilifanya hiyo wiki mbili. Watu wa boda walinipa jina, Askari wa Mwewe. Lakini mkono ilijua. Fanyeni hiyo, msione haya.

Ukishika sauti, usiache mkono hivyo hivyo. Zungusha kiganja kidogo, kama unafungua chupa ya soda, spoki zisimame badala ya kulala. Setilaiti inageuka geuka huko juu, na mara sauti inapotea kumbe iko, ni wewe umelala na yeye amesimama. Zungusha, inarudi. Na sauti ikianza kukwaruza, geuza masafa ya redio chini kidogo kidogo, kwa sababu kitu kinakuja kwako na kile kinaenda mbali havipigi sauti moja. Piga masikio kwa pikipiki ikipita barabara ya Koboko, utaelewa bila mwalimu.

Huko Kuluba nilifukuzwa mara moja. Tulikuwa tunajaribu antena mpya kwa shamba wazi, wakati ya kupanda, watu wanangoja mvua. Wingu ilikuja nyeusi, ikapita. Mwenye shamba alikuja na jembe, akaniuliza kwa upole kabisa ile chuma naonyesha wingu kwa nini. Nikamweleza setilaiti. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema amesikia, lakini nikaonyeshe wingu ya mtu mwingine. Nilifunga vitu nikaenda. Hakuna haja ya kubishana na mtu mwenye mbegu kwa udongo na mvua haijanyesha. Kwanza uombe ruhusa ya shamba, pili usiinue antena wakati wingu iko. Radi haijui kama wewe ni mwanafunzi.

Sasa Koboko.

Madam Poni alikuwa mwalimu wa fizikia kwa shule moja ya sekondari huko. Mwanamke mfupi, haongei sana, na laisensi ya redio alitafuta mwenyewe. Alianzisha klabu ya redio kwa chumba moja nyuma ya jengo ya senior two. Ilikuwa chumba ya kuweka vitu vimevunjika. Alifagia mwenyewe, akaomba meza hapa na pale, akazirekebisha na watoto, wakapaka ukuta rangi. Wanafunzi thelathini walikuwa wanaingia kila Alhamisi. Halafu shule ikaanza kujenga bweni, simenti ikaja, na hedimasta akasema hana mahali pa kuweka simenti isiingie maji. Alimpa Madam Poni nafasi moja. Jumamosi ya wazazi, aonyeshe watu hii setilaiti inaongea. Wazazi wakisikia sauti kwa masikio yao, chumba inabaki ya klabu. Wasiposikia, ni ya simenti.

Madam alinunua antena kwetu na akaomba mtu wa kuishika siku hiyo, kwa sababu yeye atakuwa kwa redio. Fundi ndiye alipaswa kwenda. Mgongo yake ikakataa. Akanipa pikipiki na maneno moja: nikifika, kabla sijagusa kitu, nijue kaskazini iko wapi. Nilisema ndiyo. Miaka minne kwa kazi, mtu ananiambia kaskazini.

Ilikuwa mwezi ya tatu. Setilaiti ilikuwa inapita saa saba na dakika kumi, chini chini upande ya mashariki. Kwa simu yangu niliandika yote: itatokea wapi, itapanda mpaka wapi, itazama wapi. Nilifika saa sita na kitu. Hema, viti, wazazi wamevaa vizuri, na spika mbili kubwa ili kila mtu asikie. Niliweka simu juu ya spika nikatafuta kaskazini na dira ya simu. Sindano ikazunguka kama mbuzi amefungwa. Ndani ya spika kuna sumaku, hiyo kila mtu anajua, mimi pia. Nikatoa simu, bado inazunguka. Ikishachanganyikiwa hivyo lazima uizungushe hewani kama unaandika namba nane, mara kadhaa, ndipo ipone, na hiyo sikujua wakati ule.

Nikaangalia jua. Jua ilikuwa juu ya kichwa yangu kabisa. Mwezi ile, saa ile, kwa Koboko mtu hana kivuli, anaikanyaga.

Ilikuwa rahisi kuuliza. Watu mia mbili walikuwa pale, kila moja anajua jua inatoka wapi kwa nyumba yake. Lakini nilikuwa nimesimama mbele yao na antena, mimi mtu wa Arua, mtu wa setilaiti. Niulize mashariki iko wapi? Niliona aibu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na msikiti. Kwa ukuta yake ya mbele ile sehemu ya imamu inatokeza nje kama tumbo, kwa hiyo unajua wanaangalia wapi wakiswali. Na mimi kwa shule ya msingi nilifundishwa Waislamu wanaswali wakiangalia mashariki. Basi. Nikachukua mashariki kwa msikiti, nikapanga upande zote kutoka hapo, nikaweka jiwe chini kwa kila upande, na nikajisikia mwenye akili sana.

Saa saba na dakika kumi hedimasta alishika maikrofoni akasema sasa tutasikia mbinguni. Madam Poni akafungua redio. Shhhhhh. Nikainua antena kwa jiwe ya kwanza. Nikaifuata kama mwewe, pole pole, mkono imetulia, sijawahi kushika vizuri hivyo. Nikazungusha kiganja. Shhhhhh. Dakika tano, dakika sita. Mtoto mchanga alilia, mama yake akamtoa nje. Madam aliniangalia mara moja tu, halafu akaangalia redio. Dakika kumi ikaisha.

Hedimasta hakukasirika. Alisogea karibu yangu, akaniuliza chini chini, bila maikrofoni, ni nini imetokea.

Hapa msome pole. Mimi sikujua nini imetokea. Jibu ilikuwa "sijui, nipe dakika nitafute". Mimi nikasema, "Setilaiti leo imelala, sir. Wakati mwingine betri yake inaisha."

Ni kweli setilaiti inalala. Zingine ni za zamani, betri imechoka. Kwa hiyo uongo yangu ilikuwa imetengenezwa na vitu ya kweli tu. Hedimasta akauliza kama inaweza kulala hivyo bila kuambia mtu. Nikasema ndiyo. Akatingisha kichwa. Akashika maikrofoni, akaambia wazazi kwamba setilaiti imelala lakini chakula iko macho, karibuni. Watu wakacheka, wakaenda kwa hema ya chakula. Nilimwona akiingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo ya chumba ya klabu, akampa storkipa, mtu wa stoo.

Nilikaa chini kukunja waya. Mzee Taban akaja. Mzee Taban ni askari wa geti ya shule, zamani alikuwa jeshini, sasa anashika rungu na anaswali ng'ambo ya barabara. Alikuwa anarudi kutoka swala ya adhuhuri, miguu bado maji. Akasimama juu yangu akaangalia mawe.

Akauliza, "Mama, hii mawe ya nini?"

Nikamwambia ni upande za dunia. Hii mashariki, hii kaskazini, hii magharibi. Akaangalia jiwe ya mashariki, akaangalia msikiti, akaangalia jiwe tena. Nikamwona anaelewa kabla mimi sijaelewa.

"Wewe nachukua mashariki kwa msikiti?"

"Si mnaangalia mashariki?"

"Sisi hapana angalia mashariki. Sisi naangalia Makka. Wewe nasoma shule ya wapi? Makka iko kule juu, unapita Sudani, unavuka maji. Ile jiwe yako ya mashariki iko karibu kaskazini, mtoto yangu. Mimi naswali pale miaka kumi na nne, jua naamka kwa bega yangu ya kulia, hapana kwa uso."

Nilisimama. Nikahesabu kwa kichwa. Makka kutoka Koboko ni kaskazini, imeinama kidogo tu mashariki. Kila jiwe yangu ilikuwa imegeuka zaidi ya nusu ya pembe ya meza. Setilaiti ilipita upande ya bega yangu ya kulia, ikiongea vizuri tu, na mimi nikiwaonyesha wazazi mbingu tupu.

Mzee Taban akacheka mpaka akashika rungu na mkono mbili. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu aliona uso yangu, akauliza kama hiyo gari ya mbinguni inarudi leo. Nikaangalia simu. Inarudi. Saa nane na dakika arobaini na tano, na safari hii inapita juu sana.

Nikamwambia Madam Poni tujaribu tena. Akarudi kwa redio. Wazazi walikuwa wanakula, hedimasta alikuwa ofisini na wakubwa wa bodi. Kwa saa ile kivuli ilikuwa imeshatoka, mtu yeyote angeona magharibi. Lakini Mzee Taban hakuamini kivuli wala mimi. Alipanga mawe yeye mwenyewe na mguu. Tulikuwa sisi watatu, wanafunzi labda ishirini, na mama wawili wa jikoni na mwiko bado mkononi.

Ilitokea pale pale. Kwanza mluzi mdogo ndani ya ile shhhh, kama mtu ameacha maji kwa jiko. Halafu mtu. Mwanaume, Kiingereza ya Kenya, anataja jina yake ya redio, anangoja. Mwingine akamjibu kutoka kusini huko. Madam Poni akabonyeza, akasema jina yake ya redio mara mbili, taratibu, kama anaita rejista ya darasa. Kimya. Nikazungusha kiganja. Yule Mkenya akarudi akasema Uganda, nakusikia vizuri, karibu. Mama wa jikoni moja akasema "Huyu iko wapi?" na mwanafunzi akamwonyesha juu, na yeye akaangalia juu kweli.

Sasa nilikuwa na kitu ya kufanya na sikutaka kuifanya. Kama setilaiti ililala saa saba na kuamka saa nane, ni bahati mbaya tu, hakuna mtu wa kulaumu, na Fundi Candia anabaki na jina. Nilifikiria hiyo kutoka kwa uwanja mpaka kwa mlango ya ofisi, na si mbali.

Hedimasta alikuwa anakula kuku. Nikamwambia setilaiti haikulala. Nikamwambia mimi nilipotea, sikujua mashariki iko wapi, nikaona aibu kuuliza, halafu nikamdanganya. Nikamwambia tumesikia sasa hivi, mama wa jikoni ni mashahidi. Alifuta mkono pole pole, kidole kwa kidole.

"Ungeniambia saa saba umepotea," akasema, "ningengoja. Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kungoja watu wenye kupotea."

Nikauliza kama bado anaweza kungoja. Akasema wazazi wameshaambiwa, bodi imeshaambiwa, na simenti imeshaanza kuingia. Ilikuwa kweli. Kwa dirisha niliona vijana wa senior four wamebeba mifuko kwa bega.

Klabu haikufa, nisidanganye mtu tena. Antena ya mkono haihitaji chumba, na Alhamisi wanakutana nje, mvua ikinyesha wanaenda nyumbani. Mvua ya Koboko mnaijua. Wanafunzi thelathini walikuwa kumi na wawili kufika mwisho wa muhula.

Ile jioni kabla ya kurudi Arua nilienda nyuma ya jengo ya senior two. Madam Poni alikuwa anatoa meza zake nje peke yake, kwa sababu storkipa alisema simenti haiwezi kukaa na meza. Niliweka antena chini nikashika meza na yeye. Tulitoa kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa ndefu na nzito, ile ya redio. Yeye alishika upande moja, mimi upande ingine, nikirudi nyuma.

"Pole pole," akasema, "mlango ni mdogo."